Kopo la Meno ya Mama

Jino langu la mbele, la chini, lilianza kucheza wakati ule ule nilipoanza kusoma bila kufuatisha maneno kwa kidole. Nilimshukuru Mungu kwa hili la pili, na nikamlalamikia kidogo kwa lile la kwanza. Mchana ninashona sare za shule kiwandani, jioni ninakaa darasani na watu wazima wenzangu, na kanisani walikuwa wamenipangia kusoma Neno mbele ya watu Jumapili iliyokuwa inakuja. Mimi, niliyezoea kushika kitabu cha nyimbo kama pambo tu, mistari yote nikiwa nayo kichwani! Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Na kila nilipofika kwenye neno lenye "f" au "s", jino lile lilitikisika kama kifungo kilichobaki na uzi mmoja.

Wazo la kulipoteza halikunishangaza. Wanawake wa nyumba yetu wanapoteza meno kabla ya kuota mvi. Bibi yangu aliyapoteza, Mama akayapoteza, na mama zangu wadogo nao wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Tulisema ni meno ya ukoo, kama watu wengine wanavyosema pua ya ukoo, na tulisema hivyo bila uchungu. Dada zangu walikuwa wamekwisha kuzoea kucheka na kiganja mdomoni.

Mama alitulea na sheria moja ya mswaki: ukiona damu, acha.

"Fizi imeumia," alikuwa akisema. "Mtu akiumia mguu utamkimbiza? Ipumzishe."

Basi tukawa tunazipumzisha. Fizi ikitoka damu, mswaki ulikauka ndani ya kikombe, nasi tukasukutua kwa maji ya chumvi mpaka damu iache. Tukirudia kupiga mswaki na damu ikarudi, tuliacha tena. Mimi nilikuwa mtoto mtiifu, na utiifu huo niliendelea nao mpaka nikawa bibi mwenye wajukuu.

Lazima niseme pia habari ya kopo. Mama, ninayeishi naye tangu mume wangu afariki, ana kopo la bati ambalo zamani lilikuwa la peremende. Ndani yake yamo meno yake yote. Kila lilipong'olewa moja aliliomba, akalifunga kwenye kitambaa, akaja nalo nyumbani.

"Mungu aliniumba kamili," husema, maneno yakitoka laini kwa sababu hakuna cha kuyazuia mdomoni. "Siendi kumrudishia nusunusu. Mtanizika nayo."

"Na kaburini utayapanga vipi, Mama?" nilimtania siku moja.

"Hiyo si kazi yangu. Aliyeyapanga mara ya kwanza atashindwa mara ya pili?"

Kwa hiyo siku ile nilipotoka kwenda kwa daktari wa meno, Mama alinipa kipande cha kitambaa cheupe, kilichofuliwa na kupigwa pasi. Nikakitia mfukoni. Njiani nilisali. Nilimwomba Mungu anipe ujasiri wa kulipoteza jino langu, na anifundishe kusoma vizuri bila hilo.

*

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza, mwenye mikono midogo na sauti isiyo na haraka. Alikuwa na msaidizi, mwanamume mnene aliyependa kuguna kuliko kusema.

"Nimekuja kung'oa, Daktari," nilimwambia kabla hata sijakaa vizuri. "Hili hapa. Linacheza."

"Tulione kwanza, mama."

"Limeshaonwa. Hata mama yangu ameliona."

Msaidizi akaguna. Daktari akatabasamu, akawasha taa, akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama kama rula. Akakiingiza kati ya jino na fizi. Nilitegemea kigote pale pale juu. Kikazama. Kikazama kama sindano inavyozama kwenye kimto cha pini, nami nikahisi baridi ya chuma mahali ambapo sikujua kuwa pana nafasi. Alifanya hivyo kwa kila jino, akitaja namba, na msaidizi akiziandika. Alipomaliza alikiweka kijiti chini.

"Hili silitoi," alisema.

"Samahani?"

"Jino lako halina tundu. Halina ufa. Ni jino zima kabisa. Kinachoumwa ni fizi iliyolishika."

Nilidhani ananifariji, kama watu wanavyofanya hospitalini. Nikamwonyesha tena linavyocheza. Akanieleza bila kuchoka: ule ukoga wa kawaida ukikaa unakuwa mgumu kama jiwe, huo ndio ugaga. Ugaga unashuka polepole chini ya fizi, fizi inaachana na jino na kuacha mfuko, uchafu unaingia mfukoni, na mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu bila mtu kusikia maumivu.

"Nitasafisha ndani ya hiyo mifuko, mpaka kwenye mizizi," alisema. "Kwa sindano ya ganzi. Leo upande wa kulia na haya ya mbele, siku nyingine wa kushoto."

"Na halitatoka?"

"Siwezi kukuahidi. Lakini ningekuwa wewe, nisingelikatia tamaa."

Nilibaki na mdomo wazi, na safari hii si kwa sababu aliniambia niufungue. Nilikuwa nimejiandaa kulipoteza. Nilikuwa na kitambaa mfukoni. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kwenda kwa daktari wa meno na kurudi na jino mdomoni.

Akanichoma ganzi. Mdomo ukawa mzito, si wangu tena. Kisha mashine ikaanza kulia kama mbu aliyeingia sikioni, maji yakajaa, mrija ukayanyonya. Baada ya mashine kikaja chuma cha mkono, chenye ncha iliyopinda. Hicho ndicho sitakisahau. Sikusikia maumivu, nilisikia sauti tu: krrr, krrr, kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria, na sufuria ni kichwa changu. Vitu vikawa vinadondoka kwenye kisahani. Nilifumbua jicho moja nikaviona: vipande vya kahawia, vingine vyeusi, kama changarawe iliyochotwa njiani, na damu kati yake.

Nikafumba macho nikasali. Nilisali kwa bidii kuliko siku zote. Niliwaombea watoto, wajukuu, mwalimu wangu wa jioni, mkono wa daktari usiteleze. Nilikuwa naisikia sauti ya daktari ikinieleza jambo, lakini kama sauti ya mtu aliye nyuma ya ukuta. Mwishoni akauliza, "Umenielewa, mama?" Kichwa changu kikaitikia chenyewe, kama kinavyoitikia mwisho wa sala.

*

Nilirudi kazini mchana ule ule, maana sare za shule hazingoji mdomo upone. Meza yangu iko karibu na ya mkata vitambaa, tunayemwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake.

"Karibu, Mama Shavu," alisema. "Wamekupa jino au wamekupa chapati ukaificha mdomoni?"

"Niache, Mkasi. Ni ganzi."

Ganzi ikawa inaisha taratibu. Nilikuwa nakunja pindo la sketi, nikamaliza, nikainua uzi nikaupeleka menoni nikaukata. Ndivyo ninavyokata uzi tangu nilipoanza kushona. Wenzangu wana vimkasi vidogo shingoni, mimi nina meno ya mbele ya chini. Nikauma, nikavuta.

Uzi haukukatika. Ulipita.

Niliuvuta tena, ukapita tena, kutoka mbele mpaka nyuma, katikati ya meno mawili, kama unavyopita kwenye tundu la sindano. Ulimi ukakimbia kwenda kuangalia. Mahali ambapo maisha yote palikuwa na ukuta, sasa pana mlango. Palikuwa na pengo upande huu, pengo upande ule, na chini karibu na fizi ulimi ulipapasa ncha ngeni, nyembamba, iliyo uchi.

"Mkasi," nilisema, na sauti ilitoka na upepo. "Njoo uangalie. Nimefanywa nini?"

Alikuja akicheka. Akainama, akaangalia, kicheko kikamwishia usoni.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Wamekukata meno."

*

Mama aliniangalia kwa tochi ya simu, sebuleni, kidole chake kikavu kikivuta mdomo wangu chini. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Kisu," alisema. "Amepitisha kisu katikati. Tazama, amelichonga kama penseli!"

"Mama, aliniambia jino ni zima."

"Lilikuwa zima! Sasa je? Mimi nimeng'olewa na watu wa kila aina, wengine hata sindano hawakunipa, lakini hakuna aliyenichonga na kuniachia kipande. Ukitaka kutoa, toa. Kuchonga ni dharau."

Usiku ule nilijaribu kusoma fungu langu kwa sauti. Kila "s" ilipiga mluzi. Nilifunga Kitabu nikalia. Nililia kwa hasira ya mtu aliyekwenda na msiba mdogo akarudi na mkubwa. Nikaamua: kesho nitarudi, nitamwambia alivyonifanya, kisha nitatafuta mtu wa kuyang'oa yote ya mbele, yaishe. Dada zangu wanaishi. Mama anaishi.

Asubuhi nilimkuta Mama mlangoni amevaa viatu, mkoba kwapani. Ndani ya mkoba kitu kilikuwa kinagonga.

"Mama, hilo si kopo?"

"Ndilo. Huyo binti hajui jino linafananaje. Ninakwenda kumwonyesha."

*

Tulimkuta daktari anavaa koti lake jeupe. Mama hakumngoja amalize vifungo.

"Wewe binti, una mama?"

"Ninaye, bibi. Karibuni."

"Mama yako ungemchonga meno?"

Msaidizi akaguna kwa mshangao. Daktari alimtazama Mama, akanitazama mimi, kisha akaniomba nikae kwenye kiti. Hakuonekana kuudhika. Alinipa kioo cha mkono, akaweka kingine kidogo nyuma ya meno yangu.

"Tazama ukingo wa juu wa jino. Umekatika?"

Nikatazama. Haukuwa umekatika.

"Pembeni je? Kuna mahali pamechongwa?"

Hapakuwa. Lilikuwa jino langu, refu kuliko nilivyolijua na jembamba kwa chini, lakini zima.

"Pengo hili lilikuwepo tangu zamani," alisema. "Lilikuwa limejazwa ugaga. Ulikuwa unadhani ni jino. Nilitoa jiwe tu. Na hii ncha unayoisikia ni mzizi, fizi ilishuka siku nyingi, jiwe likaificha. Nilikueleza jana kwamba utayahisi haya, nikakuuliza kama umenielewa."

"Alikueleza," msaidizi alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Wewe ukaitikia."

"Nilikuwa nasali," nilisema.

Nadhani msaidizi alitaka kucheka, akaogopa.

"Maneno tu," alisema Mama. "Jiwe! Jiwe gani linaota mdomoni? Ngoja nikuonyeshe jino la mtu." Akafungua kopo, akalimimina kwenye kisahani cha chuma. Meno yalilia kama mahindi makavu.

Daktari akavuta taa karibu. Alichukua jino moja, akaligeuza. Akachukua jingine. Nilimwona akipunguza mwendo. Uso wake, uliokuwa mtulivu tangu tuingie, ukabadilika.

"Bibi, haya ni ya nani?"

"Yangu. Yote."

"Yaling'olewa kwa nini?"

"Yalikuwa yanacheza. Kwani jino linang'olewa kwa nini?"

Daktari aliendelea kuyageuza, gego, chonge, ya mbele, kama anatafuta kitu na anaomba akipate. Mwishowe akayaweka chini.

"Sioni tundu," alisema. "Nimeangalia karibu yote. Hakuna lililooza."

"Nilikuambia. Nilikuwa na meno mazuri."

Mama alisema hivyo kwa fahari. Bado alikuwa hajasikia alichoambiwa. Mimi nilikuwa nimesikia, na mikono yangu ilikuwa imeshika kiti.

Daktari akachukua jino moja la mbele. Kuanzia katikati kwenda chini lilikuwa limevaa gamba la kahawia, nene, gumu. Nililiona gamba lile tangu utotoni, na siku zote nilidhani ndivyo mizizi ya meno ilivyo. Akachukua chuma kilichopinda, kama kile cha jana. Akalishika jino kwa vidole viwili chini ya taa, akakwangua. Krrr. Kipande kikaruka kikadondoka kwenye kisahani. Krrr. Kingine. Chini ya gamba ukatokea mzizi, laini, wa rangi ya maziwa yaliyokaa, usio na doa. Akalisuuza, akalifuta kwa pamba, akaliweka kwenye kiganja cha Mama.

Mama akalitazama. Lilikuwa jino jipya. Lilikuwa limekaa kwenye kopo la peremende miaka mingi kuliko umri wa aliyelisafisha.

"Kumbe gamba linatoka," alisema polepole.

"Linatoka, bibi."

"Na kama lingetolewa jino likiwa bado mdomoni?"

Daktari alimkalisha Mama, akavuta kiti naye akakaa, macho yao yakawa usawa. "Siwezi kuapa," alisema. "Kuna familia ambazo ugonjwa huu unaziuma zaidi. Huenda meno mengine yangetoka hata hivyo. Lakini mengi yangebaki. Naamini hivyo."

"Yalikuwa yanatoa damu," Mama alisema. "Yakitoa damu tulikuwa tunayapumzisha."

"Mliyapumzisha vipi?"

"Tuliacha mswaki. Mimi ndiye niliyewafundisha. Huyu, na dada zake. Damu ikitoka, acha."

Daktari alifungua mdomo, akaufunga. Msaidizi alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alikuwa mwanamke wa kujibu. Sijawahi kumwona amekosa la kusema mbele ya mchungaji, mbele ya polisi, wala mbele ya jeneza la baba yangu. Siku ile alikosa. Kiganja chake kilibaki wazi na jino lile safi juu yake, kama mtu aliyepewa kitu barabarani na asiyemjua.

Niliwaona dada zangu na viganja vyao midomoni. Nilimwona Bibi akilowesha mkate kwenye chai. Fizi zilikuwa zinatoa damu, na kila zilipotoa damu sisi tuliziacha, tena kwa upendo. Na mimi, mwenye imani, miaka yote nilikuwa nikimwomba Mungu ujasiri wa kupoteza. Sikuwahi kumwomba nibaki na meno yangu. Sikujua kuwa lilikuwa jambo la kuombwa.

Nililaza kichwa kwenye kiti.

"Daktari," nilisema, "upande wa kushoto. Kama una nafasi leo, endelea."

"Unajua utahisi mapengo mengine?"

"Najua. Safari hii nasikiliza."

Akaninyooshea taa. Nilifumbua macho muda wote. Sala ilikuwa fupi, nikaimaliza kabla ya sindano. Mawe yalipodondoka niliyasikia yote, na kwenye kona Mama aliyasikia pia, mkoba mapajani. Hakuyarudisha meno kwenye kopo mpaka tulipoondoka, na lile safi hakuliweka pamoja na mengine. Alilifunga kwenye kitambaa changu cheupe.

*

Siku zilizofuata Mama alikuwa kama mtu aliyetoka mazikoni. Alikula kidogo. Alikaa karibu na dirisha. Nilimwambia, "Mama, hukujua," akanijibu, "Nyamaza," bila ukali. Aliwapigia simu dada zangu, mmoja mmoja, mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Sikuuliza alisema nini. Mmoja wao alinipigia baadaye akilia, akauliza anwani ya daktari.

Jumapili nilijiandaa kwenda kusoma. Jino lilikuwepo. Lilikuwa bado linacheza, ila kidogo, na daktari alikuwa ameniambia nisilisukume kwa ulimi nikitaka lishike. Nilikuwa nimejifunza kusema "s" taratibu, ulimi nyuma kidogo, na mluzi ulikuwa umepungua.

Nilisimama kwenye beseni la kunawia nikapiga mswaki kama nilivyoonyeshwa, nywele za mswaki zikiinamia kwenye fizi. Nikatema. Povu lilikuwa la waridi.

Mkono ukasimama. Sikuuambia usimame. Ulisimama wenyewe, kama ulivyozoea tangu nikiwa mtoto, na mswaki ukaanza kurudi kwenye kikombe.

Kwenye kioo nilimwona Mama nyuma yangu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alitazama beseni, akatazama ile damu.

"Nani kakwambia uache?" alisema.

Mdomo ulikuwa umejaa povu. Nikaurudisha mswaki mdomoni, nikaendelea, naye akabaki pale nyuma yangu, akitazama, mpaka nikamaliza meno yote.